Punda wangu achechemea wiki ya tatu: hii tiba ya seli shina ya farasi haiwezi kufika Lamu?

Shogi_Tupu
Salaam wadau. Niko Amu (mji wa Lamu), mtaa wa Langoni, nina punda watatu wa kubeba mchanga na mawe ya ujenzi. Dume langu, yule ndiye anayetuwekea chungu motoni, achechemea mguu wa mbele wa kushoto wiki ya tatu sasa. Nyuma ya mguu, kati ya goti na kifundo, pamevimba kama kipande cha mhogo na ukipashika pana moto. Nimemkanda kwa maji ya chumvi, nimempaka ile dawa ya kijani, wapi.

Sasa shemeji yangu yuko Doha, kanitumia video ya farasi wa mashindano aliyeumia pahala hapo hapo. Wakamtoa kitu kifuani wakakipeleka maabara, kikakuzwa wiki kadhaa, wakarudi kumdunga nacho mguuni, na mwaka uliofuata akakimbia tena. Wanaita tiba ya seli shina, yaani seli changa za mwili. Mimi nasema hivi, farasi na punda ni ndugu, kama mmoja anapona kwa hiyo kitu na mwengine atapona, ni vile tu sisi hapa kila ukiuliza unaambiwa mpumzishe, mpumzishe, mpumzishe. Nani ana ujuzi na haya mambo atusaidie.

BintiWaShela
Waalaykum salaam. Kabla ya seli, swali moja. Tangu aanze kuchechemea umembebesha au hujambebesha?

Shogi_Tupu
Dada siku mbili tatu tu, mzigo mdogo, mtu alikuwa amalizia kuta zake na mafundi wamesimama wanangoja.

BintiWaShela
Haya basi. Ugonjwa ushajulikana, unaitwa mwenye punda.

KijanaWaMokowe
😂😂 uzi umeisha. Lakini kaka Shogi, farasi wa Doha mmoja bei yake anunua jahazi tatu na nahodha wake. Wewe wataka apewe nani hiyo sindano, punda anayekula maboksi pale baharini?

Saisi_Mstaafu
Nimesoma nikatabasamu. Mimi nimefanya kazi ya usaisi Dubai miaka 11, nimerudi Malindi kupumzika, basi ngoja niwape nilichokiona kwa macho, si cha video.

Palikuwa na jike la kijivu, miaka minne, aliumia alfajiri mazoezini. Daktari akaja na altrasaundi, mguu ukanyolewa, na kwenye skrini ile kano ya nyuma ya mguu, ule ukano unaofunga msuli na mfupa, katikati yake pana doa jeusi kama tundu la panya kwenye ukuta, maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Wakasema atapewa seli. Jike alikuwa amesimama vile vile, katiwa dawa ya kumlegeza na ganzi, sindano nene ikaingia kwenye mfupa wa kidari katikati ya miguu ya mbele wakavuta uboho. Wiki tatu hivi baadaye ikaja chupa ndogo ndani ya boksi la baridi, wakadunga mule kwenye lile tundu huku wanaangalia skrini. Kazi yao ikaisha kabla chai haijapoa. Yangu ndo ikaanza. Kumtembeza kwa mkono dakika kumi kila siku, halafu kumi na tano, halafu ishirini, hakuna kukimbia, hakuna kumwachia uwanjani acheze, miezi na miezi mpaka nikawa najua anawaza nini. Karibu mwaka ndipo akaruhusiwa kukimbia, na alikimbia.

Lakini sikieni na hii. Kwenye banda la tatu palikuwa na dume aliumia vivyo hivyo msimu ule ule, mwenyewe akakataa kulipa, akapumzishwa na kutembezwa kama jike na hakupewa kitu kingine. Naye alirudi. Msimu wa pili akaumia tena pale pale. Ningesema basi seli ndizo zilizomsaidia jike, ila jike alikimbia mara tatu tu akatolewa kwenda kuzalishwa, sasa kama angeendelea naye angekatika tena au la, Mungu ndiye ajuaye.

Shogi_Tupu
Si unaona! Jike hakuumia tena.

Saisi_Mstaafu
Hakukimbia tena, kijana. Soma vizuri.

DaktariWaMifugo_Pwani
Shukran Saisi, umeeleza vizuri kuliko walimu wangu wa chuo cha mifugo Kabete. Naongeza mambo mawili matatu, na nirekebishe moja la mleta uzi.

La kwanza undugu. Ndugu ni kweli, wanazaa baghala, ila farasi ana kromosomu (nyuzi za urithi) 64, punda 62, baghala anabaki na 63 ndio maana kwa kawaida hazai. Undugu huo haumaanishi dawa zinafanana. Dawa moja ya maumivu inayotumika sana kwa farasi, mwili wa punda huiondoa haraka zaidi, ukifuata saa za farasi punda wako ataumia nusu siku. Na punda haonyeshi maumivu kama farasi, farasi akiumia kidogo banda zima litajua, punda anakunja masikio anaendelea. Kwa hiyo Shogi ukiona punda ANACHECHEMEA waziwazi, jua ameshaumia siku nyingi kabla hujaona.

La pili kwa nini watu walifikiria seli. Kano ikikatika nyuzi zake hujiunga, ila hujiunga kwa kovu. Kovu ni gumu, halivutiki kama kano yenyewe. Kano ya farasi anayekimbia kasi ni kama springi, inavutika inarudi, na inapata joto mpaka katikati yake imewahi kupimwa kama digrii 45, wewe ukiwa na homa ya 40 tu umeshaaga familia. Sasa springi yenye kiraka kigumu katikati, siku ya kuvutwa tena inakatika pembeni ya kiraka au pale pale. Wazo ni kutia seli changa kwenye lile tundu kabla kovu halijakaza, zisaidie pajengwe kitu kinachokaribia kano ya asili. Waingereza wa chuo cha mifugo cha London waliandika juu ya farasi wa kwanza aliyetiwa seli hizi mwaka 2003. Kwa kawaida wanatia kama seli milioni kumi. Na ni lazima uwahi, mguu ukikaa miezi kovu limeshakaza, na hapo kukuza seli kwenyewe kunakula wiki mbili mpaka nne.

KijanaWaMokowe
Milioni kumi?? Punda mmoja anapewa watu wengi kuliko Nairobi 😂

MzeeWaMatondoni
Wanangu naona yeo mwasema maabara na skrini. Sisi zamani punda akivimba hapo alikuwa akichomwa kwa chuma cha moto, mistari mitatu ubavuni mwa mguu, na siku arubaini hatoki. Marehemu baba alikuwa na punda mweupe alichomwa hivyo, na alibeba mawe ya matumbawe kutoka kwenye mashua miaka baada ya hapo. Mato yangu haya yameona. Hakuna cha milioni kumi, chuma kimoja.

DaktariWaMifugo_Pwani
Mzee wangu shikamoo. Hiyo haikuwa ya Matondoni peke yake, hata Wazungu walichoma farasi wao miaka mingi sana. Mwaka 1983 watafiti wa Bristol walitoa utafiti mrefu wakasema kuchoma hakuponyi kano, kunaongeza maumivu tu.

MzeeWaMatondoni
Marahaba. Basi na punda wa baba alipona na nini?

Saisi_Mstaafu
Mzee umesema mwenyewe hapo juu. Siku arubaini hatoki.

BintiWaShela
🔥🔥 Saisi leo hana huruma.

MzeeWaMatondoni
Sasa kama chuma hakiponyi na kupumzika ndiko kunakoponya, na hao wa Dubai walipumzisha mwaka mzima, mbona chuma changu mwakinyima sifa na sindano yao mwaipa?

Msomaji_wa_Usiku
Huyu mzee ndiye aliyeuliza swali la maana kwenye uzi wote, na swali hilo hilo watafiti wenyewe linawasumbua. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2012, farasi wa mbio 113 waliopewa seli za uboho wao wenyewe na kufuatiliwa miaka miwili na zaidi. Walioumia tena walikuwa kama robo. Tafiti za nyuma za farasi waliotibiwa kwa njia nyingine zilikuwa zinaonyesha wengi zaidi wanarudia, kwa hiyo wakasema seli zimesaidia. Shida ni kwamba hawa 113 hawakulinganishwa na kundi lililokaa zizi moja nao bila sindano, walilinganishwa na namba za vitabu vya nyuma. Huenda hawa waliopewa seli walitunzwa vizuri zaidi kwa sababu mwenyewe amelipa pesa nyingi na hataki zipotee. Mtu aliyelipa maelfu ya pauni hamtoi farasi kabla ya tarehe. Asiyelipa kitu ndiye humtoa.

Yaani inawezekana dawa ni BEI.

KijanaWaMokowe
Nimecheka mpaka nimeshuka kwenye pikipiki. Shogi lete elfu hamsini nikudungie maji ya dafu, utampumzisha kwa uchungu wa pesa.

DaktariWaMifugo_Pwani
> Yaani inawezekana dawa ni BEI

Utani mzuri ila usivuke. Kuna majaribio yaliyofanywa maabara ambapo mguu mmoja umetiwa seli na mwingine umetiwa maji ya chumvi, halafu kano zikapimwa, na waliotiwa seli kano zao zilionekana kupangika vizuri zaidi. Kwa hiyo kitu kipo. Kipo kikubwa kiasi gani kwa farasi anayeishi maisha yake ndio ubishi.

Msomaji_wa_Usiku
Nakubali kitu kipo. Sasa niambie ni kitu gani. Maana zile seli ukizifuatilia, siku moja tu baada ya kudungwa nyingi zimeshatoweka pale mahali, zinabaki chache sana. Hazigeuki kuwa kano. Mwanasayansi Arnold Caplan ndiye aliyezipa seli hizi jina miaka ya tisini mwanzoni, na mwaka 2017 yeye mwenyewe akaandika kwamba jina libadilishwe, zisiitwe shina, kwa sababu zinachofanya ni kutoa ishara za kuita seli nyingine za mwili zije zifanye kazi na uvimbe upungue. Baba wa jina aliomba jina lifutwe 😅

BintiWaShela
Kwa hiyo si fundi, ni mnyapara. Anakuja saiti asubuhi, anapiga kelele, anaondoka, mafundi wanabaki wanajenga.

Saisi_Mstaafu
Hahaa hii ndiyo maelezo bora niliyowahi kusikia, na nimeyasikia ya madaktari wa nchi tano.

Mama_Swafaa_Malindi
Asalaam alaykum. Naomba kuuliza na msinicheke. Hizi seli si ndizo zinatolewa kwenye mimba changa? Kama ni hivyo si ni kuua kiumbe ili kutibu mguu? Halafu si ndio huko huko wanatengeneza farasi wa pili anayefanana na wa kwanza, niliona habari ya ngamia Dubai. Mimi naona ni kuingilia kazi ya Mungu.

DaktariWaMifugo_Pwani
Waalaykum salaam mama, hakuna wa kukucheka. Umeunganisha mambo matatu. Seli za kwenye mimba changa zipo na zina mjadala wake, ila hizi tunazozungumzia zinatoka kwa farasi mzima mwenyewe, uboho wa kidari au wa nyonga, au mafuta kidogo yaliyo karibu na shina la mkia. Anabaki mzima. Na kunakili mnyama ni kitu kingine kabisa: farasi wa kwanza kunakiliwa alizaliwa Italia 2003 akaitwa Prometea, na ngamia uliyemsikia ni Injaz wa Dubai, 2009. Huko haitibiwi miguu.

Msomaji_wa_Usiku
Daktari hapo uongeze kwamba si lazima ziwe zake mwenyewe. Ulaya mwaka 2019 walipitisha dawa ya kwanza ya seli shina kwa farasi, ya viungo vyenye uvimbe, na ile inatengenezwa kwa damu ya farasi wengine. Mwaka ule ule ikapitishwa nyingine iliyotokana na kitovu cha mtoto wa farasi. Halafu 2022 ikaja ya kano.

DaktariWaMifugo_Pwani
Sahihi, nilikuwa nimeruka. Faida yake ni hiyo, hungoji wiki tatu, inatoka kwenye baridi na kazi inaanza. Nyingine huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya maji, digrii 196 chini ya sifuri, huyeyushwa pale pale zizini.

Mama_Swafaa_Malindi
Kitovu?! Basi si afadhali sisi tunakizika chini ya mnazi. Cha mwanangu wa kwanza kiko Shella ya Malindi na mnazi wenyewe ushaliwa na upepo. Kumbe nimezika dawa.

KijanaWaMokowe
Mama usikifukue 😂

HajiMashua
Mimi nimekwama kwenye hiyo digrii 196. Hapa stima ikipotea saa mbili samaki wangu wa kwenye frija wanaanza kunitizama. Hiyo chupa itoke Ulaya, ishuke Nairobi, ipande ndege ndogo mpaka Manda, ishuke gatini, ivushwe kwa boti, ifike Langoni, halafu ibebwe na nani mpaka kwa mgonjwa? Na punda!

Shogi_Tupu
Haji usinivunje moyo.

HajiMashua
Sikuvunji moyo, nakuhesabia nauli.

BibiArusi_Mkomani
Jamani nidakie kwa upande. Bibi yangu ana goti, hawezi kupanda ngazi za nyumba yetu na chumba chake kiko juu. Kuna mtu alimwambia nje ya nchi kuna kliniki wanadunga seli goti linakuwa jipya. Kama farasi wanapona si na yeye?

DaktariWaMifugo_Pwani
Bibi Arusi mimi ni wa mifugo, bibi yako simgusi. Nitakwambia moja tu, duniani kuna kliniki nyingi zinauza sindano za seli kwa watu kabla utafiti haujafika huko, na watu wengine wamedhurika, wameambukizwa vijidudu. Mpeleke kwa daktari wa mifupa kabla ya kuuza dhahabu. Na mhamishieni chumba cha chini.

BibiArusi_Mkomani
Ahsante. Chumba cha chini ana ugomvi nacho, eti kina paka.

Fundi_wa_Kwato
Nimechelewa uzi huu. Mimi nakata kwato za punda miaka mingi, na nyote mmemwamini mleta uzi kuwa shida iko kwenye kano. Nani kaangalia kwato? Punda wa Amu wanatembea vichochoro vimejaa misumari ya mafundi, vioo, vipande vya bati. Wakitoka hapo wanasimama kwenye maji ya pwani wakati wa kupakua, kwato zinakuwa laini, kitu kinaingia, usaha unajikusanya ndani hakuna pa kutokea. Huyo punda atachechemea utadhani mguu umevunjika, na uvimbe unapanda mpaka juu. Naapa nusu ya "kano" ninazoletewa ni kwato. Shogi umeinua huo mguu ukatazama chini?

Shogi_Tupu
Niliinua nikapangusa. Sikuona kitu.

Fundi_wa_Kwato
Ulipangusa au ulikwangua?

Shogi_Tupu
…nilipangusa.

BintiWaShela
Milioni kumi za seli na hatujakwangua kwato 🤦🏾‍♀️

Saisi_Mstaafu
Fundi nakuunga mkono nusu. Usaha wa kwato unakuja ghafla, leo mzima kesho hakanyagi. Shogi anasema wiki tatu na uvimbe uko nyuma ya mguu wenye moto. Hiyo kwangu bado ni kano. Ila jambo moja linanisumbua, punda hakimbii kasi ya farasi, hiyo springi ya daktari na digrii zake 45 ataipata wapi na mifuko ya mchanga?

DaktariWaMifugo_Pwani
Swali zuri. Punda wa mizigo nadhani anaumia kwa njia nyingine, uzito mwingi juu ya mguu uliochoka, ngazi, kuteleza kwenye mawe yenye maji, kwato ndefu ya mbele inayoivuta kano kila hatua. Hapo na Fundi anaingia, kwato zisizokatwa zinaumiza kano bila hata msumari. Yaani mnaweza kuwa sahihi nyote wawili.

KijanaWaMokowe
> punda hakimbii kasi ya farasi

Saisi umeondoka pwani siku nyingi! Maulidi yaliyopita hukuwepo? Wale punda wa mashindano pale baharini wakitoka huwezi kuwapiga picha. Na kama sikosei dume la Shogi lilishiriki, mbona kaficha?

BintiWaShela
ATI NINI. Shogi??

Shogi_Tupu
Kijana wewe ni mbaya sana. Alikimbia mara moja tu, na hiyo ni miezi iliyopita, na hakuwa na kitu alipomaliza. Alikuwa wa nne.

MzeeWaMatondoni
Hapo sasa. Wa nne mbele ya watu wote wale, na kila jicho limemtazama. Wanangu mwatafuta ndani ya mfupa na jambo liko ndiani. Punda amepigwa jicho. Msomee.

Msomaji_wa_Usiku
Mzee jicho linakaa miezi ndipo livimbe?

MzeeWaMatondoni
Kovu lako lakaa miezi ndipo likatike, jicho langu lisikae?

HajiMashua
Amemfunga 😂😂😂 Msomaji kalale.

Mtoto_wa_Wiyoni
Mi sina la kusema kuhusu seli ila kaka Shogi akishindwa asiuze kwa wale wanaopita wakinunua punda vilema. Nakumbuka machinjio yaliporuhusiwa 2016 bei ya punda ilivyopanda bara, watu wakawa wanaibiwa usiku, mpaka serikali ikapiga marufuku 2020 na bado kesi zikaenda mahakamani. Mteja wa ngozi hajali kano.

Shogi_Tupu
Huyu siuzi. Bora mimi nibebe mchanga na yeye awe nyuma ananihesabia.

Lakini turudi kwenye langu. Daktari, tuseme ni kano. Seli sipati, nimeelewa. Kuna kitu cha katikati?

DaktariWaMifugo_Pwani
Kwa farasi wengine wanatumia plazma ya damu yake mwenyewe, inachukuliwa damu, inazungushwa kwenye mashine, ile sehemu yenye chembe za kugandisha inadungwa kwenye kano. Haihitaji wiki tatu za maabara. Inasaidia kuliko seli au chini ya seli, kila mtu na utafiti wake, tusifungue uzi mwingine ndani ya uzi.

Wewe leo fanya hivi. Maji baridi mguuni, mara kadhaa kwa siku, acha kukanda kwa moto wakati bado pana joto. Bandeji usifunge mwenyewe kama hujafundishwa, ukikaza vibaya utaiua kano nzima. Na hakikisha anakula, punda akigoma kula siku mbili tatu mafuta yanajaa kwenye damu na hiyo inaua haraka kuliko mguu. Halafu mpeleke kliniki ya punda pale pale mjini, iko tangu 1987, wewe umekaa wiki tatu waangalia video za Doha na kliniki iko hatua chache kutoka kwako.

BintiWaShela
Hilo nalo nilitaka kuliuliza tangu jana nikaona nitaitwa mkali.

Saisi_Mstaafu
Na kumtembeza kuanze atakaporuhusiwa, si kesho. Dakika kumi. Kwa mkono. Bila shogi, bila mtoto juu, bila kumpitisha kwa shemeji umwonyeshe. Uende naye mpaka ngome urudi.

KijanaWaMokowe
Mwaka mzima? Shogi atakuwa anamtembeza punda kama watalii wa Shela wanavyotembeza mbwa.

Shogi_Tupu
Naleta ripoti maana watu wananitumia meseji. Nimempeleka asubuhi. Daktari kaushika mguu, kaubonyeza nyuma, dume kaurudisha. Kasema kano imeumia, hilo hana shaka nalo. SUBIRINI. Halafu kaikwangua kwato, kuna mstari mweusi, kakata kidogo kidogo, yakatoka maji meusi yananuka. Fundi wa Kwato usishangilie kwanza, kasema ni kidogo na hajui kama ndicho kilichomfanya akanyage vibaya mpaka kano ikaumia, au kano iliuma kwanza akawa ananyanyua mguu na uchafu ukaingia. Nikamuuliza seli shina, akacheka vizuri tu, akasema punda anayepumzishwa kweli kweli hajawahi kumwona hapa, akimwona atamwandika.

Fundi_wa_Kwato
Nimeshangilia tayari.

Saisi_Mstaafu
Na mimi.

MzeeWaMatondoni
Hayo maji meusi yametoka siku gani? Si Ijumaa? Nami nalimsomea Alhamisi usiku, sikusema tu.

Msomaji_wa_Usiku
Kwa hiyo ikitokea amepona tutakuwa na kwato, kupumzika, maji baridi na kisomo, vyote vimeingia wiki moja. Utafiti wa 2012 una afadhali.

HajiMashua
Na uchungu wa kukosa kazi. Usisahau BEI.

BintiWaShela
Shogi, na yule aliyekuwa amalizia kuta zake?

Shogi_Tupu
Nimempa wale wawili waliobaki, mzigo nusu, safari mara mbili. Amenuna. Dume kasimama kivulini anakula majani na boksi la soda.

DaktariWaMifugo_Pwani
Boksi mnyang'anye.